Pengo Kwenye Ua wa Kayaba

Uingereza,
14 Mei 1972

Kwa baba yangu mpendwa,

Nakusalimu sana wewe na mama na wote wa hapo Kibugu. Mko wazima? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Kazi ya wodi ni kuinua wazee, kuwalaza, na kuwainua tena. Jioni miguu si yangu.

Hebu nikuchekeshe kidogo. Watu wa huku siku ya kupumzika huenda kutembea. Si kwenda kwa mtu, baba. Wanavaa viatu vizito, wanapanda kilima, wanapita msituni, wanashukia kijiji kingine, wanakunywa chai, wanarudi. Hakuna aliyefiwa wala aliyepotelewa na ng'ombe. Mimi na Kiende, yule msichana kutoka Kiirua ninayesoma naye unesi, tukasema nasi tujaribu. Kiende aliona haya kutembea mikono mitupu, akabeba kikapu ili watu wadhani tumetumwa mahali.

Siwezi kukataa, ni kuzuri. Vilima vyao ni vya upole, havikukati pumzi kama vyetu. Chini ya miti maua ya buluu yamejaa mpaka huoni udongo. Vijiji vina makanisa ya mawe na kimya kingi. Unapita kijiji kizima bila mtu kukuuliza unatoka wapi. Lakini kilichonishangaza ni njia yenyewe. Inapita katikati ya shamba la mtu, ndani ya ngano yake! Tulipomwona mwenye shamba anakuja na mbwa tulitimua mbio, Kiende akaangusha kikapu. Yule mzee akakiokota, akatuita, akasema, "Piteni tu, njia hii ilikuwa hapa kabla ya babu yangu." Hata penye ua ameweka ngazi ya mbao ya kuvukia.

Nilimkumbuka Cucu, mama yako, anavyokatiza kwenye shamba lako la chai asubuhi kutoka kwa baba mdogo Njagi, aje anywe uji kwako. Bado anakuja?

Ni mimi binti yako,
Rwamba


S.L.P. Manyatta,
20 Juni 1972

Kwa mama yangu Rwamba,

Pokea salamu zetu. Hapa tuko wazima, chai inachumwa, mvua ilikuwa nzuri. Barua yako nilimsomea mama yako, akauliza kama huko kazi zimeisha. Mtu amechoka, na dawa ya uchovu ni kupanda kilima! Mwambie Kiende asikiache hicho kikapu, angalau ana akili.

Umeuliza habari za Cucu. Haji. Ng'ombe wa Njagi walipita njia hiyo hiyo wakanikanyagia miche ya chai. Nilipomwambia, alinijibu mbele ya watu wa kanisa kwamba shamba hili ni la baba yetu sote. Mimi nimekuwa karani Embu mjini miaka mingi, najua maana ya karatasi. Tulipimiwa, jiwe la mpaka liko, cheti kiko. Basi lile pengo nililokuwa nimeacha kwenye ua wa miti ya kayaba nimeliziba kwa seng'enge na miiba.

Mama yangu mzazi sikumkataza. Barabara ipo, ashuke mpaka darajani apande upande huu. Amenitumia neno kwamba haendi kwa mtoto wake kwa barabara kama mgeni. Sawa. Nimechoka na maneno ya nyumba ile, na nimesema isitajwe tena mezani kwangu.

Soma kwa bidii, na uvae nguo nzito.

Ni mimi baba yako,
Misheck Ndambiri


Uingereza,
16 Julai 1972

Kwa baba yangu,

Habari za siku nyingi? Mimi sijambo, mgongo tu ndio unaniuma.

Baba, barua yako imenikosesha usingizi. Cucu ashuke darajani na kupanda ule mteremko na miguu ile? Mimi mwenyewe nilikuwa naukwepa nikiwa msichana. Ng'ombe wafungiwe njia, nakubali. Lakini Cucu hali miche ya chai.

Waliotupimia na kutuwekea mawe ya mpaka walitoka huku huku. Na huku kwao, baba, njia za watu wameziacha. Jana tumepita mashamba ya watu mpaka tukachoka, na hakuna aliyetuuliza cheti.

Wewe huniita mama kwa sababu ulinipa jina la Cucu. Basi leo chukua kwamba mama yako ndiye anayekuomba. Toa hiyo seng'enge, hata upana wa mtu mmoja tu.

Ni mimi binti yako,
Rwamba


S.L.P. Manyatta,
25 Agosti 1972

Rwamba,

Salamu. Sisi ni wazima.

Nilikupeleka kusoma unesi, sikukupeleka kusoma mipaka. Wazungu unaowasifu wana mashamba ambayo huwezi kuyamaliza kwa macho. Mtu akipita kwenye ngano yao, hakuna wanachopoteza. Mimi nina ekari chache na kila mche nimeupanda kwa mkono wangu.

Mama anajua ninakokaa. Akitaka kuniona atakuja. Ukiniandikia tena, niandikie habari za afya yako na masomo, mengine uniachie.

Ni mimi baba yako.


Uingereza,
10 Desemba 1972

Kwa baba yangu,

Natumai wewe na mama hamjambo. Nimeandika mara mbili tangu Septemba na sijapata jibu. Labda ni posta, labda ni wewe.

Hatutembei tena sana. Vile vilima sasa ni matope na ukungu, maua yote yamekwisha, na mimi nikitoka kazini nalala na viatu. Kiende ananiambia nimekonda.

Nitakueleza jambo moja tu. Kulikuwa na bibi mmoja wodini kwangu. Mwanawe anaishi kijiji kinachofuata, ng'ambo ya kilima, njia tuliyokuwa tukipita kila Jumapili. Walikosana, sikujua kwa nini. Kila nikimwosha aliniuliza kama mwanawe ndiye aliyebisha hodi. Amefariki wiki jana uso ukielekea mlangoni, na ni mimi niliyemfumba macho. Mwanawe alikuja siku iliyofuata kuchukua nguo. Alisimama na lile furushi, akaniuliza kama mama yake alisema lolote.

Sina nguvu za kubishana nawe. Nakupenda, na ninaogopa.

Ni mimi binti yako,
Rwamba


S.L.P. Manyatta,
18 Februari 1973

Kwa mama yangu Rwamba,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mwili ni mzima. Usiseme ni posta, barua zako zote zilifika.

Hiyo ya yule bibi nilikaa nayo mfukoni kwa muda mrefu. Siku moja nikachukua panga nikaenda kwenye ua. Kayaba ilikuwa imeshikana na seng'enge, sikujua pa kuanzia. Nilikata mpaka jioni, mikono ikajaa miiba, lakini nikaacha pengo ambalo mtu mwenye mzigo mgongoni anaweza kupita. Asubuhi nikaketi mlangoni kumngoja. Nilisema ataona pako wazi, atakuja.

Hakuja. Siku iliyofuata pia hakuja. Nikakasirika sana. Nikamwambia mama yako, "Unaona huyo mama? Nimemfungulia na bado anajivuna!"

Mama yako akaweka sufuria chini. Akasema, "Baba Rwamba, mama hatembei. Tangu mvua ya Oktoba yuko kitandani. Kila nikimpelekea chakula ananiuliza kama uko nyuma yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikataza nyumba ile kutajwa hapa."

Mwanangu, miezi yote hiyo nilikuwa naitazama barabara nikisema ni kiburi. Kumbe kiburi kilikuwa kimekaa kwenye kiti changu.

Nikapita kwenye pengo. Unajua, sikuwa nimewahi kuipita njia hiyo tangu tupimiwe mashamba. Yeye ndiye aliyekuwa akija, mimi nilikuwa nangojwa na uji mezani. Ni mistari michache tu ya chai, halafu ndizi za Njagi, halafu mlango. Njagi alikuwa anakamua. Aliniangalia, akasukuma mlango kwa mguu ili niingie, akaendelea kukamua.

Mama amekuwa mdogo sana. Macho hayaoni vizuri. Nilimpa mkono, akaushika, akaanza kuupapasa akitafuta miiba na kuing'oa kwa kucha, mmoja mmoja, kama nilipokuwa mtoto. Halafu akaniuliza, "Umetoka wapi, mwanangu?"

Nikamwambia nimetoka nyumbani kwangu, hapo tu.

Akasema, "Pole. Huko ni mbali."

Ni mimi baba yako,
Misheck Ndambiri