Mguu Kwenye Pedali

3 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo, na magoti yanasemaje? Mimi mzima, na cherehani zangu tatu nazo nzima.

Miaka minane sijakuandikia. Siku ile nilikanyaga pedali ukiwa bado unatunga uzi, sindano ikapita kwenye kidole chako. Kidole kikakakamaa, ukaacha kushona magauni ya harusi. Mimi nikafungasha nguo zangu nikaondoka bila kuaga. Mpaka leo nikitunga uzi naiona damu yako kwenye kile kitambaa cheupe. Nisamehe, Shangazi.

Mwanao,
Kifungo

20 Machi

Kifungo wangu,

Marahaba, mwanangu. Magoti yanalalamika, ila sokoni yananifikisha. Barua yako nimeisoma mara nne, hadi fundi viatu wa jirani akadhani nimepata mchumba.

Nilikusamehe kabla kidonda hakijakauka. Lakini naona msamaha wangu haukutoshi, maana unajishtaki mwenyewe na kujihukumu mwenyewe. Hebu kaa kwenye cherehani kama ulivyokaa siku ile, uangalie vizuri. Halafu uniambie umeona nini.

Shangazi yako

11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimekawia kwa sababu niliogopa kukaa. Jana nikajikaza, nikamwomba mwenzangu wa dukani asimame uliposimama wewe, atunge uzi. Mkono wake sikuuona kabisa, kichwa cha cherehani kiliuziba. Nikalia pale pale kitini. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Shangazi. Sikukusudia.

Nimeona na jingine. Kumbe kilichonielemea zaidi si pedali. Ni kukukimbia ukiwa na bendeji mkononi, wewe uliyenifundisha hata kushika mkasi, kisha nikakunyima salamu miaka yote hii. Hilo ni langu, nalikubali. La pedali nimelitua. Nakushukuru sana, maana kila ninachokula kimetoka kwenye mikono yako.

Je, naweza kuja?

Mwanao,
Kifungo

24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kuja kwao? Kiti chako kipo palepale, sijampa mtu. Nami nashukuru, nilidhani nitakufa bila kukuona.

Macho yangu siku hizi hayalioni tundu la sindano, na kuna gauni liko mezani tangu Jumatatu. Njoo unitungie uzi. Safari hii nitakaa mimi, na miguu yote miwili nitaiweka juu ya stuli, uione.

Shangazi yako