Mama, Kutoka Kindu Ni Asubuhi Moja Tu

Elisabethville

Mama yangu mupenzi,

Amisi akikusomea haya, ujue mimi na muke wangu na mutoto tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Wewe je? Mugongo umepoa? Na macho?

Amisi aliniandikia kwamba umekataa kuja huku kutibiwa. Ulimuambia, “Ni mbali, nitakufa njiani, wanizike kwa wageni.” Basi sikia jambo lililonipata.

Hapa lopitali tulikuwa na Muzee Kalonda, mutu wa Wamaza, si mbali na kwetu, mufanyakazi wa mugodi aliyevunjika kiuno. Alitaka kurudi kwao. Munganga akasema treni na kamyo njia nzima vitamuvunja upya, heri aende na ndege mpaka Kindu. Mimi muuguzi ninayejua Kibangubangu, lugha yake, nikaambiwa nimusindikize.

Tuliruka jua likitoka. Masikio yaliuma, nikamupa mahindi ya kukaanga atafune, yakafunguka. Alinishika mukono sana.

“Ramazani, tumesimama?”

“Hapana, baba, tunaenda.”

“Mbona miti haikimbii?”

Nikamuambia tuko juu mno, ndiyo maana. Baadaye nikamuonyesha muto Lualaba, umelala chini kama mushipi. Akautazama, akasema, “Tulipokuja huku kwa miguu na mashua, muke wangu alizaa njiani. Tulipofika, mutoto alikuwa anakaa mwenyewe.”

Rubani alisema ni karibu kilometa elfu moja. Mama, tulishuka Kindu mbele ya saa sita. Binti yake, yule aliyezaliwa njiani, sasa ameolewa kwao, alikuwa anangoja na kamyo. Muzee akamuuliza kama kuna sombe nyumbani. Mutu anayekufa haulizi chakula. Kamyo ilikwama matopeni, wakalala njiani, lakini walifika, na binti ameniandikia kwamba sasa baba yake anatembea na fimbo.

Mimi ndege ilinirudisha kesho yake. Kuwa Kindu na kukosa kufika kwetu Kasongo kuliniuma, sikufichi.

Ule ukungu wa macho munganga wetu anautoa. Nimewaona watu wakiingia kwa kushikwa mukono na kutoka peke yao. Nafasi yako ya ndege nimeiomba, wamekubali. Amisi atakuleta Kindu polepole, kiangazi kikianza, barabara ikiwa kavu. Kule nitakupokea mimi mwenyewe, tukae pamoja ndani ya ndege. Ukiogopa, nishike mukono.

Unisalimie Baba Mukubwa, fundi wa kushona, na shangazi Mwamini anayekupikia. Majirani wa pale musikitini pia, na Amisi mudogo wangu, asante kwa kusoma bila kuruka neno.

Mutoto wetu tumemupa jina lako, na watu wanasema sura ni yako kabisa. Nataka uje umutazame, useme mwenyewe kama ni kweli.

Mimi mutoto wako, ninayekuja Kindu kukuchukua,

Ramazani