Mama Mkwe, Nundu Ilikuwa Mfupa Tu

Mama,

Ni mimi Regina, mke wa mwanao Paschal. Najua sistahili kukuandikia, lakini humu nyumbani sina wa kumwambia haya.

Nimepasuliwa. Ile nundu juu ya jicho langu la kulia haipo tena. Ulipokufa iliendelea kukua, mpaka jicho likaanza kusukumwa nje, nikawa naona vitu viwili viwili. Daktari wa hapa Mpanda akaniandikia barua, nikapanda treni kwenda hospitali kubwa. Wakanipiga eksirei ya kichwa. Daktari wa kule akainua picha kwenye mwanga, akanionyesha doa jeupe kwenye paji la uso. Akasema ni mfupa uliojiotea wenyewe, ugonjwa wa nadra, wala si kansa. Wakanichana ngozi kwenye ukingo wa nywele, wakautoa. Nilionyeshwa: kitu cheupe, kigumu, ukubwa wa limau dogo.

Nikamuuliza kama mtu anaweza kumwekea mwenzake kitu kama kile. Hakucheka. Akasema, "Huu unaota polepole sana. Inawezekana ulianza hata kabla hujaolewa."

Kabla sijaolewa, Mama. Kabla sijakujua.

Na wewe ndiye uliyekuwa unanikanda kwa kitambaa cha maji ya moto kila asubuhi kabla hatujaenda kupalilia karanga. Ulikuwa unapuliza kitambaa kwanza, kisinichome.

Yule mganga wa kienyeji tuliyemwendea alisema aliyeniroga ni mtu wa karibu, basi. Jina hakutaja. Nililitaja mimi, mbele ya ndugu na majirani, nikakunyooshea kidole. Paschal akatazama chini. Wewe hukubisha. Ulisema, "Kama nikiondoka utapona, naondoka." Ukaenda kwa kaka yako Kapalamsenga. Mvua zilipoanza tukaletewa habari kwamba homa imekuua na umeshazikwa.

Sikulia. Nilishusha pumzi.

Sasa nimerudi, na watu wa hapa kwetu Kawajense wananipa pole na hongera. Wanasema nimepona kwa sababu mchawi amekufa. Nikiwaeleza maneno ya daktari wanatikisa kichwa, eti madaktari hawajui mambo ya watu. Paschal anawasikia, anaendelea kula.

Nina hasira naye. Nina hasira na yule mganga. Hata na wewe, Mama, kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukunizaba kofi? Lakini kidole kilikuwa changu, na sikuombi unisamehe.

Kwaheri, Mama. Jumapili hii nitasimama kanisani, watu wakiwa wamejaa, niseme kwamba nilikusingizia na kwamba hukunifanyia lolote ila wema. Paschal amesema nikithubutu, nisirudi kwake.

Nitathubutu.

Mkweo,
Regina