Ndoo ya bluberi jikoni

"Umempeleka KULE? Baba, kule kwa MAMA?"

Sindre, nimempigia mzee kelele mpaka mbwa kajificha chini ya meza. Narudia tu kama kichaa, kule kwa mama, kule kwa mama. Naye, "Usinifokee nyumbani kwangu!"

Maana nimeingia jikoni nakuta ndoo imejaa bluberi, na yule mwanamke wake mpya, Gunnvor, anazichambua, anatoa majani. Meno yote ya buluu. Eti, "Eivind, njoo uonje, tamu hizi!"

We si unajua mama alivyokuwa. Hata dada yake hakuwahi kumwonyesha pale mlimani alipokuwa akichuma bluberi zake. Kila kiangazi tulikuwa tunaegesha gari kanisani, tunazunguka msituni, watu wasijue tunakoelekea.

Mzee kaegesha pale pale njiani. PALE PALE. Bonde zima limeona.

Nikamwambia, "Mama hajamaliza hata miaka miwili kaburini, ushagawa siri yake."

Gunnvor akaweka bakuli chini. Mzee sauti ikashuka. "Mama yako mwenyewe aliniambia, kule hospitali. Alisema nisiwe napanda kule peke yangu."

Kaka, hilo sijawahi kulisikia. Mwaka mzima na zaidi tunakula meza moja, hajawahi kuniambia.

Nikauliza, "Na mimi je? Mimi alisema nipande na nani?"

Mzee akainama kumtafuta mbwa chini ya meza.

 

Nikachukua koti, nikatoka, nikafunga mlango.