Ngao ya Gari Lenu

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Magomeni hatujambo. Goti la bibi yako limepata nafuu, na kule Nanyamba korosho zimeanza kuanguka. Picha ya gari lenu nimeiona. Kweli limefanana na lile la polisi wa kwenye televisheni. Unauliza kama ngao ya mbele, ile ya vyuma vya kusukumia magari, mnaweza kuifunga kwenye bampa tu, kwa kuwa gari ni la maonyesho.

Swali hilo limeninyima raha. Nilipokuwa fundi kijana pale Chikongola, Mzee Hamisi aliniletea pikapu niifungie ngao. Alikuwa na haraka, nikaishikiza kwenye bampa, nikaipaka rangi, ikapendeza. Akiondoka akasema, "Nakwenda kumsukuma mdogo wangu, lori lake limegoma."

Bampa isingehimili kusukuma lori. Nikadandia baiskeli, nikamfuata. Nilikuta ngao imeshagusa lori, na mdogo wake ameinama ubavuni mwake akichungulia kama imekaa sawa.

"Toka hapo!" nikapiga kelele.

Akaruka pembeni. Mzee Hamisi akashtuka, akaachia klachi, pikapu ikaruka mbele. Ngao ikang'oka, ikaanguka palepale alipokuwa ameinama yule ndugu.

Hakunitukana. Aliuliza tu, "Mbona hukuniambia kule gereji?"

Nilijua haitashika tangu nilipokuwa nakaza nati ya mwisho.

Ifungeni kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, mama. Iko siku mtu ataliomba gari hilo limsukume. Nitumie picha ya uvunguni, siyo ya mbele. Mpaka niione, sitatulia.

Babu yako,
Saidi