Karte ya Baba Yenu

Chanda,

Bukari iko mu sahani, sombe iko ku mbabula ya makala. Mudogo yako Kiki akitoka ku masomo, akule kwanza.

Leo asubui ile bureau ya bajane ba basoda ilinirudisha tena. Banasema sheria ya kusaidia bafamille iko, lakini bila karte ya jeshi ya baba yenu, bo habamujui. Miaka kumi na mbili alibabebea bunduki, na habamujui!

Karte iko wapi? Munajua mwili yake haikurudi toka Kivu, tukazika uniforme yake. Mi mwenyewe niliipiga pasi, nikafunga kifungo ya mufuko. Karte ilibakia mule ndani.

~~Ambia nkambo~~ Usiambie nkambo, muzee wetu, kama nimeenda ku makaburi, atanikataza.

Jembe musiitafute. Niko nayo.

Mama yenu