Mashavu ya Kamba wa Jiwe

Jumatatu, 3 Machi
Jiwe limetoka kwenye frigo, liko kwenye ndoo ya maji. Jioni linarudi. Umeme unakatika unavyotaka, barafu inayeyuka, inaganda tena. Kata nzima inalaani, mimi nashangilia kimoyomoyo. Maji yakiganda ndani ya ufa yanausukuma. Jiwe la namna hii linafunguka hivyo, polepole, bila kupondwa.

Frigo ni ya wifi yangu, Mama Neema. Muuza samaki. "Samaki yangu ya Kasenyi inalala na jiwe! Wateja watasema nini?" Ananung'unika, lakini nafasi ananipa.

Prefe, mkuu wetu wa shule, amerudia leo mbele ya walimu wote. Inspekta anakuja Jumanne ijayo. Asipoona kitu cha maana ndani ya labo, maabara yetu, chumba kinakuwa depo ya simenti na mawe yote yanaingia kwenye msingi wa vyoo vipya. Mawe ambayo marehemu padri alibeba kutoka kwao, ng'ambo, akatuachia! Nina hasira mpaka kichwa kinauma.

Kibandiko cha padri kinasema ndani ya hili kuna kamba wa baharini, ndugu ya kaa, wa miaka mamilioni. Litakuwa ganda tupu. Ganda halitamsimamisha inspekta mlangoni.

Alhamisi, 6 Machi
Limefunguka. Niligonga kidogo tu, likaachana vipande viwili, kama andazi.

Eh, Mungu wangu.

Si ganda tupu. Nusu moja ina mashavu, yale ya kupumulia. Nyuzi nyembamba kuliko unywele, zimepangana safu kwa safu. Nusu ya pili ina utumbo, mstari mweusi kutoka kichwani mpaka mkiani. Pembeni yake nyama ya mkia, na mistari yake. Nyama! Nikaweka kioo cha kukuzia chini.

Mimi ni mtoto wa Tchomia, kwa wavuvi wa ziwani. Samaki usipompasua asubuhi, saa sita tumbo limeoza. Mashavu ndiyo yanayoanza kunuka. Vitu laini haviningojei hata nichote maji. Huyu alizikwa kwenye tope lisilo na hewa, madini yakachukua nafasi ya nyama kabla haijaoza. Nafundisha hayo kila mwaka. Leo ndiyo nimeyaamini.

Nusu ya mashavu nimeiacha mezani labo, chini ya kitambaa, ikauke mpaka Jumatatu. Ya utumbo nimempelekea Mama Neema, aone frigo yake imezaa nini. Aliinama, akafuta mikono, akaigusa. Kisha akasema, "Basi hata tumbo inaweza kungoja." Amekataa kuirudisha mpaka aonyeshe majirani.

Sikula. Sikuwa na njaa.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya wanawake. Nilikuwa kwenye maandamano na walimu wenzangu, kitenge kipya, jua kali, vumbi. Wanafunzi walibaki shuleni kwa salongo, usafi wa pamoja. Prefe aliwaambia kila kitu king'ae, inspekta anakuja.

Kikang'aa.

Wasichana wa darasa la sita walinipokea mlangoni, wamefurahi. Furaha, mmoja wao, ndiye aliyesema, "Madamu, tumesugua hata mawe yote. Ile ya meza ilikuwa na uchafu mingi, tumetumia brosi na Omo."

Yamekwisha. Hakuna mashavu, hakuna hata uzi mmoja. Jiwe jeupe, safi, linanukia sabuni. Bahari nzima haikuweza, salongo ya asubuhi moja imeweza.

Sikuwapigia kelele. Nililia chooni na kitenge cha sherehe. Nawachukia. Hapana. Walisafisha kwa heshima yangu.

Jumanne, 11 Machi
Inspekta alipita labo mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nikampa kioo na nusu ya utumbo, Mama Neema aliirudisha jana. Aliinama. Prefe akakohoa, akatazama saa. Inspekta hakuinuka.

Mwisho akauliza polepole, "Ilikula nini?"

Maana chakula chake cha mwisho bado kimo ndani ya utumbo, vipande vidogo vya ganda. Nikamwonyesha. Akavua kofia. Prefe naye akaomba kioo, akakaa nacho muda mrefu.

Labo inabaki. Mawe yanabaki. Prefe kasema mwenyewe, mbele ya watu.

Jumatano, 12 Machi
Mvua tangu asubuhi.

Somo: mashavu ya kamba. Furaha na wenzake walikaa mbele, vichwa chini. Nikachora ubaoni yale niliyoyaona Alhamisi, safu kwa safu. Duniani ni mimi peke yangu niliyeyaona, na niliyatazama jioni moja tu.

Nilipofika chini, upande wa kushoto, chaki ikasimama. Sikumbuki nyuzi zilipindaje pale. Furaha akanong'ona, "Madamu, maliza tu, nani atajua?"

Niliacha pale wazi. Nao wakachora hivyo hivyo.